Bonyeza Uso Unaocheka

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumewekewa mashine mlangoni. Ina nyuso tatu: unaocheka, wa kawaida, na ulionuna. Kila asubuhi, kabla hujafika kwenye meza yako, unabonyeza uso unaofanana na moyo wako. Makao makuu yanataka kujua tunajisikiaje. Kweli kabisa! Kampuni ya maji, mabomba yanapasuka kila mtaa, wateja wanatutukana kutwa kwenye simu, na kumbe kilichokuwa kinakosekana ni mashine ya kuuliza kama tuna raha.

Aliyeileta ni afisa mpya wa ustawi wa wafanyakazi. Binti mpole, ananukia vizuri, anaongea kama anabembeleza mtoto. Tumeshambandika jina: Dada Ustawi. Ameleta pia mikeka ya kunyoosha viungo na ua kwenye chungu. Nimeligusa. La plastiki.

Akatuuliza tunahitaji nini ili tuwe na furaha kazini. Nikamwambia kwa sauti yangu hii ya kukwaruza: watu. Wenzetu wawili waliacha kazi, nafasi zao hazikujazwa, na simu zao zote zimehamia vichwani kwetu. Akaitikia kwa kichwa, akaandika kwa kalamu ya rangi ya waridi. Akasema tusiwe na wasiwasi, namba za mashine zitatusemea.

Nimebonyeza ulionuna. Kwa nguvu.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka kwa daktari wa koo. Nilidhani ataniandikia dawa ya kikohozi nirudi zangu. Wapi! Ameniingizia mrija puani, akanionyesha kwenye skrini. Vinundu kwenye nyuzi za sauti. Kazi ya kusema kutwa nzima ndiyo imevileta. Dawa yake ni kunyamaza. Hata kunong'ona hataki, anasema kunong'ona kunaumiza zaidi. Nikiendelea hivi huenda ikabidi kisu, na baada ya kisu hawezi kuniahidi kwamba sauti itarudi ile ile. Au kwamba itarudi.

Nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi wetu. Tunamwita Bwana Saa, maana hata ukimwambia umefiwa ataangalia saa kwanza. Nikamwomba anihamishie meza ya barua, ile ya kujibu malalamiko ya maandishi. Huko husemi na mtu, unaandika tu. Hakukataa. Akasema wawili wapya wameshaombwa makao makuu. Wakifika tu, mimi nahama simu. Kwa sasa nijikaze, ninywe maji ya uvuguvugu.

Nijikaze! Kama koo ni mshipi.

Nyumbani, mume wangu kasema basi nyumba imepata amani. Kisha akaona uso wangu, akaenda kupika mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Sina hali. Kumbe nyuso zilizonuna zina adhabu yake! Timu ikinuna sana inabaki baada ya kazi kwa "Kikao cha Kufungua Moyo". Viti vimepangwa duara. Kila mtu aseme kinachomlemea. Aseme! Kwa mdomo!

Mama Pacha, anayekaa meza ya pembeni yangu, alikuwa kama amekalia kaa la moto. Wanawe wanamsubiri kwenye geti la chekechea na mwalimu ameshamwonya kuhusu kuchelewa. Zamu yake ilipofika akasema kinachomlemea ni kikao hiki. Dada Ustawi akamshukuru kwa ujasiri wake, akatuomba tuvute pumzi kwa pamoja.

Mimi nilionyesha kidole kooni, kwamba siwezi. Nikaambiwa kwa upole nisijifungie. Nikasema. Nilisema mpaka machozi yakanitoka kwa maumivu, na watu wote wakanipigapiga mgongoni wakidhani nimefunguka. Halafu tukaambiwa kila mtu ajikumbatie.

Nimefika nyumbani Kitinda, binti yangu mdogo, ameshalala. Aliniwekea kitabu chake cha hadithi kwenye mto.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata dawa ya vikao. Sijui kwa nini hatukuiona tangu mwanzo.

Kama kununa ndiko kunakotubakiza, si tuache kununa? Asubuhi nimesimama mlangoni, kila anayeingia namwonyesha kwa kidole: huo unaocheka. Bonyeza, pita. Wengine walisita, nikawanong'oneza (daktari anisamehe) kwamba hii ni mashine tu, haina macho. Mama Pacha akabonyeza wake, na wa wenzake waliochelewa, na mmoja wa ziada kwa ajili ya mume wake. Hata mlinzi amebonyeza, na yeye si mfanyakazi wa kampuni!

Tumecheka kweli. Labda kwa mara ya kwanza tangu mashine ije, uso na moyo vimepatana.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna kikao! Wiki nzima ya nyuso zinazocheka, na leo tumetoka kwa wakati, jua bado lipo. Mama Pacha alinikumbatia kwenye ngazi. Tumempaka Dada Ustawi mafuta kwa mgongo wa chupa, naye anang'aa, anasema hajawahi kuona mikeka ikileta mabadiliko ya haraka namna hii. Mikeka haijafunguliwa. Ipo nyuma ya kabati.

Kitinda kanisomea hadithi yeye. Hajui kusoma, anaangalia picha na kutunga. Sungura wake leo alifukuzwa kazi. Sijui kaitoa wapi hiyo.

Koo linawaka. Mteja mmoja kaniita "kaka".

Jumatatu, 17 Machi

Nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Meneja katuita wote, kavaa tai nyekundu, katabasamu mpaka magego. Anatupongeza. Ofisi yetu ndiyo yenye furaha kuliko matawi yote! Makofi. Makao makuu yanakuja Ijumaa kujifunza siri yetu. Makofi tena. Kisha, bila kupumua: kwa kuwa wafanyakazi wenye furaha namna hii ni wazi hawajaelemewa na kazi, wale wawili wapya wamepelekwa tawi lingine. Lile lililonuna.

Hakuna aliyepiga makofi. Shingo zote ziligeuka kuniangalia mimi.

Hao ndio walikuwa wawili wangu. Meza yangu ya barua. Koo langu! Nimejipalia makaa kwa mkono wangu, tena kwa kidole kimoja, tena nikiwaelekeza na wengine.

Nikamfuata Dada Ustawi. Nikafunga mlango, nikamwambia ukweli wote: tulibonyeza uongo, tulikuwa tunakimbia vikao vyako. Nilitegemea atakasirika. Alikaa chini kwenye ule mfuko mkubwa wa kukalia alioununua kwa ajili yetu, akazama mpaka magoti yakawa juu ya kidevu, akaanza kulia. Yupo kwenye kipindi cha majaribio. Namba zetu ameshazipeleka. Akisema ni uongo, anaondoka. "Dada yangu," akanishika mkono, "usinimalize. Ipite Ijumaa tu, nitalisema polepole."

Nilikwenda kugomba na mtu nikaishia kumtafutia kitambaa cha kujipangusia. Nimetoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia. Namwonea huruma, na huruma yenyewe inaniudhi.

Jumanne, 18 Machi

Leo asubuhi ofisi nzima imebonyeza ulionuna. Hakuna aliyepanga. Kila mtu kwa hiari yake, na hasira zake.

Saa ya chakula akaja fundi. Akaifungua mashine, akaipuliza vumbi, akaifunika kitambaa. Meneja kasema imeharibika, maana ofisi yenye furaha vile haiwezi kubadilika usiku mmoja.

Tukicheka, inasema kweli. Tukinuna, imeharibika! Nimecheka peke yangu chooni mpaka koo likanichoma.

Jumatano, 19 Machi

Nimemfuata tena Bwana Saa. Nimemwekea barua ya daktari mezani, nimeigonga kwa kidole pale palipoandikwa "asiseme". Kaangalia saa. Akaniambia anajua, anaelewa, hata yeye hafanyi hivi kwa roho mbaya, lakini hana mtu wa kukaa kwenye simu zangu. Angekuwa na wale wawili... Ananihurumia kwa kunikumbusha.

Halafu likaja kubwa kuliko hilo. Meneja kanichagua niseme mbele ya wageni Ijumaa. Mtu fulani amemwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasimama mlangoni kuwahamasisha wenzangu wabonyeze. Kwake hiyo ni sifa! Nimepewa fulana ya njano: BALOZI WA FURAHA. Hainitoshi mabegani.

Nilitaka kukataa. Halafu nikajiuliza: wageni wa makao makuu, macho kwa macho, kipaza sauti mkononi. Lini tena nitapata nafasi hiyo? Nitasema ukweli. Mfupi. Tulidanganya ili tuwahi watoto wetu. Tupeni watu wawili. Basi. Dada Ustawi nitamkinga, nitasema hakujua.

Usoni kwa mume wangu nikaona hofu kidogo nilipomwandikia hayo. Akafikiri, akiwa bado ameshika bisibisi yake ya kutengenezea friji. Akasema niseme, tutakula kitakachokuwepo. Sijampenda hivi siku nyingi.

Alhamisi, 20 Machi

Nilipanga nisitamke neno leo, niiwekee sauti akiba ya kesho. Simu zikaamua vingine. Bomba kubwa limepasuka, mitaa kadhaa imekauka, mingine inaogelea. Kutwa nzima: pole sana, tunalishughulikia, pole sana. Jioni sauti ilikuwa inatoka vipande vipande. Mama Pacha alinichukulia simu kila alipoweza, mpaka na yeye akaanza kukohoa.

Nimekunywa asali. Nimevaa skafu kitandani. Kitinda kaniuliza kwa nini nimevaa kama mgonjwa. Nimemwambia kwa ishara nalala.

Ijumaa, 21 Machi

Naandikia mezani kwangu, hedifoni masikioni. Nitaeleza haraka.

Wageni walikuja na kamera. Meneja akasoma namba zetu kama anasoma matokeo ya mtihani wa mwanawe. Kisha akaniita. Nikasimama na fulana yangu inayonibana, nikashika kipaza sauti, nikamtazama mama mmoja wa makao makuu mwenye miwani, aliyeonekana ana masikio ya kusikia. Nikafungua mdomo.

Upepo.

Nikajaribu tena. Hakuna kitu, pumzi tu inavuma kwenye spika. "Tuli—" hata hiyo haikutoka, ilibaki kwenye midomo. Machozi yakanijaa. Na Meneja, Mungu anamwona, akanishika bega akawaambia wageni: "Ameguswa! Amekosa maneno!" Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Yule mama mwenye miwani naye alikuwa anafuta macho. Nilimtafuta Dada Ustawi. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Sasa wapo nje wanapiga picha. Bwana Saa kaniambia nirudi kwenye kiti changu, nivae hedifoni, maana wageni watapita humu kuangalia na hataki waone viti vitupu. Nikamwonyesha koo. Akasema nikae tu, anakwenda kunifungia laini yangu kwenye mtambo ili simu zisiniingie. Kisha wakamwita kwenye picha.

Hakunifungia laini.

Imeingia simu. Kompyuta inapokea yenyewe, inapiga ile salamu niliyorekodi mwaka jana: karibu, nipo hapa kukusaidia. Sauti yangu nzuri ya wakati ule. Ni bibi, mtu mzima, yupo peke yake. Bomba la jikoni limechomoka ukutani, maji yameshafika kitandani, kuna waya wa umeme sakafuni. Anasema anashukuru amepata mtu. Anasema mwanangu, mbona hunijibu, nakusikia unapumua.

Nimemgonga Mama Pacha begani. Yupo na mteja wake anayelia kwenye simu, kanionyesha kiganja: subiri. Wengine wote wapo kwenye picha. Kuhamisha simu ni mpaka msimamizi. Kupitia dirishani namwona Bwana Saa, anapangwa mstari wa mbele. Nimepiga kioo. Wamenipungia mkono.

Nimegonga kipaza sauti cha hedifoni kwa kucha. Bibi akafurahi. Kasema haya, basi nimsubiri, nisikate, anakwenda kwenye mita nje kutafuta koki, akirudi nimwambie aizungushe upande gani, maana mwaka ule marehemu mumewe aliizungusha vibaya ikavunjika.

Nasikia maji. Mengi. Nimeandika KULIA kwa herufi kubwa kwenye karatasi, namwinulia Mama Pacha aje amwambie bibi kwa mdomo wake, hajageuka bado.

Kulia, bibi. Na usikanyage karibu na ule waya.

Nasikia ndala zake kwenye maji. Anarudi. "Nimeiona, mwanangu. Haya, niambie—"