Mashine Inayopumua Joto

Jumatatu, 7 Julai

Hewa ya moto tena. Nimevaa maski, nimewasha mashine, nimelala kwa ubavu kama nilivyofundishwa. Mwanzo hewa inakuja vizuri, ya baridi, na inanukia vitunguu saumu kwa sababu mafungu ya mavuno yananing'inia ukuta wa pili. Nikishazama usingizini inageuka. Nikaota niko kwenye ziwa la chumvi la Balangida na marehemu baba, tunachota chumvi ya ng'ombe. Ardhi nyeupe mpaka macho yanachoka. Upepo wa moto unanipiga usoni. Baba ananiambia jambo, midomo inacheza, sauti hainifikii.

Nilipozinduka maski ilikuwa sakafuni. Mama Neema ameketi kitandani, ananitazama. Nje majani yalikuwa meupe kwa baridi. Dongobesh mwezi wa saba, na mimi natokwa jasho.

Jumanne, 8 Julai

Niandike wazi ninachopigania. Kwa miaka mingi Mama Neema alilala chumba cha watoto. Mimi nakoroma, kisha nakata pumzi, kisha nashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Daktari wa hospitali kubwa alisema koo langu linajifunga nikilala. Binti yetu Neema akahangaika huku na kule mpaka mashine ikapatikana: sanduku dogo, bomba, maski. Wiki ile ile mke wangu akaingia na mto wake bila kusema neno, akalala upande wa ukutani. Furaha ilinibana kifua. Bahati nzuri mashine ilikuwa inapumua kwa niaba yangu.

Sasa joto hili. Bila maski nakoroma, nikikoroma ataondoka. Na mto ule ukiondoka mara ya pili haurudi. Namjua mke wangu.

Jumatano, 9 Julai

Mashine ina kidumu cha maji cha kulainisha hewa, na kitufe cha kuyapasha moto. Nimeshusha kitufe mpaka mwisho. Hakuna nafuu. Nikamwaga maji yote. Koo likakauka kama kiatu cha zamani na hewa bado moto.

Nimeota nyumba yetu inaelea juu ya chumvi, polepole, na ng'ombe wetu anachungulia dirishani.

Ijumaa, 11 Julai

Leo chujio la mashine. Lilikuwa limejaa vumbi la maharage na maganda ya vitunguu, jeusi kama sufuria ya kuni. Nimeweka jipya. Nilijisifu mchana kutwa. Mama Neema akafuta meza, akakung'uta vitambaa vyake vya kufuma, akafunika kila kitu upya: redio, televisheni, jagi, mashine. Katika nyumba hii hakuna kinachokaa uchi.

Usiku moto ule ule. Nimejisifu bure.

Jumapili, 13 Julai

Nimegundua bomba lilikuwa linapita chini ya blanketi. Nikalitoa, nikalipitisha juu ya ubao wa kitanda. Nikampigia simu nesi aliyenifundisha. Akauliza kama mashine iko karibu na jiko. Hapana. Iko chini? Hapana, iko mezani. Kuna kitu kinaizuia kuvuta hewa? Nikamwambia hakuna, iko wazi kabisa. Nilimjibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Jumatatu, 14 Julai

Usiku wa jana niliitupa tena maski. Nilikata pumzi, nikazinduka kwa kishindo. Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni na mto kifuani. Hakunung'unika. Afadhali angenung'unika. Alienda chumba cha watoto na mimi nikabaki natazama dari. Naona aibu, na nina hasira na sanduku lile.

Alhamisi, 17 Julai

Niko Getanuwas kwa Neema, anafundisha shule ya huku. Alisema niilete mashine aione. Mama yake amebaki na ng'ombe na vitunguu. Huku tambarare jua ni kali, vumbi, mifugo ya watu inapita mpaka jioni. Nilijua nitaungua.

Basi nimelala usiku mbili kama mtoto. Hewa baridi kama ya kisimani. Nimeota Balangida, na safari hii sauti ya baba imenifikia. Ananiambia nifunge mzigo wa punda vizuri, utamwagika. Hilo tu. Nimeamka nalia, sijui kwa nini, na sikuwa na huzuni.

Kwenye baridi inachoma, kwenye joto inapoza. Neema amecheka, akasema baba, ugonjwa wa hiyo mashine uko nyumbani kwenu.

Ijumaa, 18 Julai

Nimerudi jioni. Mama Neema amenipokea vizuri, chai, viazi. Mto wake ulikuwa umerudi kitandani. Nilitaka kuuliza, nikaogopa kuharibu.

Nimeketi kitandani na maski mkononi, nikamwona anachukua kitambaa cha mashine. Amekifua, amekipiga pasi. Nimekiona kila siku na leo ndiyo nimekiangalia. Juu uzi mweupe uliofumwa maua. Chini ameshonea kitambaa cha flana, kipande cha blanketi la mjukuu, tena mara mbili. Akaivalisha mashine mpaka chini mezani, akalainisha pembe kwa kiganja, taratibu. Kule nyuma ndiko mashine inakovuta hewa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali ilinijia yenyewe na nikaifukuza, maana ile ni ya maadui. Huyu alikifuma kitambaa wiki aliyorudi kwangu. Anasema hata chombo nacho kinasikia baridi.

Nimevaa maski bila kukigusa. Nimeungua usiku kucha kwa hiari yangu.

Jumamosi, 19 Julai

Leo nimefanya ujanja. Alipogeukia ukutani nikakivua kitambaa polepole, nikakiweka chini ya kitanda. Hewa ikapoa. Nikaelea. Nikaona mashamba ya Dongobesh yote yamekuwa maji na mimi napita juu yake bila kulowa. Halafu maji yakaanza kuchemka. Nikafungua macho: kitambaa kiko mahali pake, kimenyooshwa pembe zote.

Usiku wote tunavishana na kuvuana, wazee wazima.

Jumapili, 20 Julai

Nimemwambia tulipotoka kanisani. Niliona kumficha ni dharau. Nilitafuta maneno laini na sikuyapata, nikasema tu kwamba mashine haipati hewa, kitambaa kinaiziba, ndiyo maana naungua. Alisimama. Akauliza kama tangu mwanzo ni yeye. Nikasema ni kitambaa. Akaenda akakivua, akakikunja, akakiweka kabatini. Alipika, akanipakulia, hakula. Usiku mto haukuja.

Hewa ilikuwa baridi, safi. Sikulala.

Jumatatu, 21 Julai

Nimemfuata bandani anapochambua vitunguu. Nikakaa kwenye gunia, nikachambua pia. Nikamwambia sijadhurika, nimetokwa jasho tu. Nikamwambia najua kelele zangu zilimfukuza miaka ile, sitaki zimfukuze tena. Aliendelea kuchambua.

"Baba Neema, mimi sikukimbia kelele. Ukikoroma najua upo. Nilikimbia kile kimya. Unanyamaza, na mimi niko gizani nasubiri kujua kama nimeshakuwa mjane."

Akasema hata baada ya mashine kuja halali. Analala macho, anaisikiliza. Aliivalisha kwa sababu aliogopa baridi itaizimisha, na ikizimika nami nitazimika.

Kumbe miezi yote hii nilidhani tunalala wawili. Alikuwa ananilinda peke yake kila usiku, na asubuhi anakamua ng'ombe. Imeniuma kuliko joto lolote. Nilimwambia hivyo hivyo.

Jioni nikamwomba aje nimwonyeshe. Nikavaa maski, nikawasha. Nikaushika mkono wake, nikauweka karibu na vitundu vidogo vya maski, pale hewa inapotokea. Akaisikia kwenye kiganja. Ikija, ikipungua, ikija. Nilifumba macho. Aliacha mkono pale.

Jumanne, 22 Julai

Nimeamka mara moja usiku. Mkono wake ulikuwa bado karibu na uso wangu, macho yake wazi. Nikambonyeza vidole. Akasema lala wewe.

Jumatano, 23 Julai

Nimeamshwa na ng'ombe. Analia zizini, chuchu zimejaa, na dirisha lilikuwa jeupe zamani. Mama Neema yuko ukutani. Mdomo wazi, anapumua taratibu, mkono umeanguka juu ya blanketi. Tangu nimuoe hajawahi kupitwa na saa ya kukamua, hata siku za uzazi alikuwa anaelekeza wenzake kutoka kitandani.

Nimezima mashine. Chumba kikawa kimya kabisa. Nikamtazama, hakushtuka.

Nimechukua ndoo nikaenda mwenyewe. Ng'ombe hanijui kwa kazi hiyo, alisogea mara mbili, kisha akanihurumia. Ukungu ulikuwa chini bondeni. Jirani yetu akapita na kuni, akaniamkia shikamoo, akaona ndoo, akauliza kama Mama Neema anaumwa.

Nikamwambia hapana, amelala.