Aliyemfuta Binti Kimondo

Nyumbani, ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa kaka yangu,

Kabla ya yote nisamehe kwa kutokuandikia. Miezi miwili na ushee barua yako iko chini ya godoro langu, na mimi kila siku nasema kesho. Ukisema nimekutupa umesema kweli. Kalamu nilikuwa nayo na karatasi pia. Nilichokosa ni uso wa kukuandikia.

U hali gani? Mgongo je, bado unakusumbua ukisimama sana? Baridi ya huko umeizoea au ungali unalala na soksi? Sisi miili ni mizima. Mdogo ameota meno mawili ya juu, anauma kila kitu, hata mimi. Pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali bado wananipanga zamu ya alfajiri. Narudi saa nane mchana miguu imevimba, mashuka ya wodi nzima yamepita mikononi mwangu. Baba Chiriku yuko safarini na lori lake, anarudi mwisho wa mwezi.

Gemu uliyomtumia Chiriku ilifika salama. Unajua huyo mtoto, miaka minane yote Binti Kimondo wa katuni amemlea kwenye televisheni kuliko mimi. Alipogundua kwamba sasa anaweza kumrusha angani kwa vidole vyake mwenyewe, aliruka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Nikamwekea sheria: Jumamosi na Jumapili tu, saa moja, kazi za shule kwanza. Alilia, sikulegeza. Unanijua.

Basi akacheza kwa utaratibu huo huo, akapanda mnara mmoja baada ya mwingine. Mashine inamkumbukia alipofika, kwa hiyo kila Jumamosi alianzia pale pale alipoishia. Alishafika mnara wa kumi na moja, umebaki mmoja, na ule alikuwa anakutunzia wewe muumalize pamoja ukija likizo.

Sasa nikueleze. Jumatano moja nilirudi kutoka kazini, Chiriku yuko shule, wifi yangu, dada yake Baba Chiriku tunayekaa naye, ametoka kwenda sokoni na mdogo mgongoni, kama kawaida yake saa hizo. Nikakaa nipumzishe miguu. Nikawasha gemu nione tu kinachomchekesha mwanangu ni nini. Kaka, nilicheza. Alhamisi nikacheza tena, mimi mwenye sheria. Ijumaa yakatokea maandishi kwa ile lugha ninayoisoma kwa kuungaunga, na chini yake duara la kijani na duara jekundu. Kazini, mashine ya kufulia ikiuliza jambo, kijani ni endelea na nyekundu ni simama. Miaka minne mkono wangu unabonyeza kijani kabla macho hayajasoma. Nikabonyeza, kumbe nimekubali kufuta yote. Minara yote kumi na moja ikayeyuka kama povu.

Jumamosi Chiriku akawasha, akabaki mdomo wazi. "Mama, nani amemgusa Kimondo wangu?" Wifi alikuwa amesimama pale pale na kitambaa cha vumbi mkononi. Na mimi nikafungua kinywa changu nikasema, "Muulize shangazi yako, yeye ndiye anayepangusapangusa hapo."

Wifi akacheka kwanza, akidhani ni utani. "Mimi? Mimi hata rimoti ya televisheni naishika kama yai!" Lakini Chiriku alishaanza kulia, akamwita Bwana Kutu, lile jitu baya la kwenye kipindi linalotafuna chuma. Nikamkemea kwa kukosa adabu. Ebu fikiria, namkemea mtoto kwa uongo wangu mimi.

Kesho yake ulipopiga simu nikakupa maneno yale yale. Ndipo wewe ukamwandikia wifi ujumbe ule, kwamba awe mwangalifu na vitu vya watoto wa watu. Aliusoma akiwa amesimama, akaigeuza simu kifudifudi mezani, akaenda kuanua nguo.

Siku tisa, kaka. Chiriku akakataa kusukwa na shangazi yake, akaenda shule na nywele nilizosuka mimi, kila msuko na njia yake. Wifi akawa anakula jikoni peke yake, ati anamwangalia mdogo. Huyu ndiye aliyenipokea nikitoka hospitali na kila mtoto. Nami nilimwona, nikaendelea kula.

Jumatatu zamu ikaisha mapema. Nilimkuta wifi sakafuni, mdogo amelala pajani, rimoti ya gemu mkononi, uso karibu uguse kioo. Kidole gumba amekifunga plasta. Akashtuka kama mwizi. "Usimwambie Chiriku," akasema. "Labda kweli niligusa nikipangusa. Nataka nimrudishie japo mnara mmoja, lakini hili daraja la kwanza, wifi, kila siku ninatumbukia."

Nikakaa chini na nguo zangu za kazi, nikamwambia yote. Afadhali angefoka. Aliweka rimoti chini taratibu. "Siku zote hizo," akasema, "unaniona nabeba sahani kwenda jikoni."

Jioni nikamwambia Chiriku mbele ya shangazi yake. Akauliza nilicheza siku ngapi za shule. Nikasema tatu. Akaenda kuchukua kitana, akampa shangazi, akakaa katikati ya magoti yake bila kunitazama. Kisha akaniambia, "Wiki tatu hugusi, Mama." Nimekubali. Adhabu ni adhabu.

Wifi amerudi kula mezani, ila sasa ananiita Mama Chiriku, kama jirani. Jumamosi wanacheza wawili na wameshavuka daraja. Mimi nawasikia wakicheka huku naosha vyombo. Ujumbe wako bado uko kwenye simu yake. Niliomba niufute, akasema si mimi niliyeuandika.

Mama anakusalimu sana, pia Baba Chiriku, ambaye naye nimemweleza kwa simu. Msalimie binamu fundi bomba na wote mnaokaa nao. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu na mgongo uliopona.

Dada yako anayekupenda na kukuonea haya,
Mama Chiriku

Ninavyoomba unitumie:

Rimoti ya pili ya gemu, ile ndogo ya watoto.

Miwani ya kusomea ya wifi, nguvu mbili na nusu. Fremu isiwe nyeusi, anasema nyeusi inamzeesha.

Barua ya kumwomba radhi, kwa mwandiko wako, si ujumbe wa simu. Mweleze kwamba ulidanganywa na dada yako. Bahasha iandike jina lake, nami sitaifungua.