Firigisi ya La Paz

Mama,

Habari ya huko nyumbani Laini Saba, mabati yamevumilia mvua? Huku La Paz baridi inauma mpaka meno na milima imejaa theluji, lakini si milima nataka kukuambia.

Leo mimi na Wafula tulishuka kwa basi tumelowa, mabegi mgongoni, tukaingia kibanda cha mama mmoja anauza supu ya kuku. Akaona vile natetemeka, akachota firigisi akaiweka kwa bakuli langu. Langu, Mama, na bwanangu amekaa hapo kando! Nikamsukumia, si ulitufunza firigisi ni ya mwanaume? Wafula akacheka: "Kula tu bana, huku nani anatujua?"

Nikala. Mama, ni tamu! Halafu supu ikanishinda, nikaanza kulia mbele ya watu. Miaka yote ulimpakulia Baba, na tangu tumzike unampakulia kaka, wewe mwenyewe hujawahi kuonja.

Heri ungekuwa hapa, ningekupa hilo bakuli. Krismasi ukichinja, kaka apewe shingo. Wewe funga mlango wa jikoni, uile firigisi yako ikiwa moto.

Wako anayekukumbuka sana,
Nekesa