Mashine Mbili na Rupia ya Faida

Jumamosi, 2 Juni 1956

Kasongo. Bwana Gérard anafunga duka lake, anarudi kwao Ubelgiji. Anauza mashine zake mbili za kutafutia sarafu zilizofukiwa. Kila Jumapili baada ya mvua tulikuwa tunakutana naye Kasongo ya zamani — yeye na mashine masikioni, mimi na mke wangu Faida na macho yetu tu. Faida alimshinda kila mara. Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

Anataka baiskeli yangu kwa mashine moja. Nichague. Nimeomba siku chache. Faida angechagua papo hapo.

Jumapili, 3 Juni

Sikwenda misa. Nimezijaribu zote mbili uani. Ndogo ni mpya, nyepesi, unaishika kwa mkono mmoja. Inasikia sarafu iliyo chini kiasi cha shubiri. Zaidi ya hapo ni kiziwi. Kubwa ni ya askari, ya kutafutia mabomu wakati wa vita. Betri zake zinabebwa mgongoni, bega linaniuma mpaka sasa. Inalia kwa kila msumari. Lakini inafika chini kabisa.

Bwana Gérard anasema ile ndogo iko muzuri zaidi: sarafu za hapa haziko chini sana, na hii ni burudani, si kazi ya punda. Kweli. Sikumwambia kwamba sitafuti sarafu. Natafuta moja.

Jumatano, 6 Juni

Niandike basi. Rupia ya fedha, tuliyookota siku ya kwanza kutoka pamoja. Niliitoboa mwenyewe kwa msumari, Faida akaivaa shingoni miaka saba. Februari alikwenda kwao Wamaza kujifungua. Nilifika siku mbili baada ya kuzikwa — yeye na mtoto. Shemeji yangu Kasimu alisema waliomwosha waliifungua, kisha haikuonekana tena. Bila shaka ilianguka kwenye ufuo, shimo la maji ya kumwoshea, likafukiwa. Ufuo ule una kina cha goti.

Nimechukua kubwa. Baiskeli imekwenda.

Alhamisi, 14 Juni

Wamaza. Kamyo ya mizigo mpaka Kabambare, kisha miguu, mashine mgongoni. Kwenye kizuizi cha barabara askari aliuliza kama nakwenda kuiba dhahabu. Nikamwambia mke wangu amekufa. Akanipisha.

Kasimu amenipokea vizuri. Mama mkwe ametuma wali na sombe ya majani ya muhogo, mwenyewe amebaki nyuma ya nyumba. Ndiyo adabu yetu: miaka saba sijamsogelea hata hatua kumi, na yeye akiniona njiani hukata porini. Nimemsikia tu akikohoa. Anakohoa kama Faida. Sikuweza kula.

Ijumaa, 15 Juni

Wanaume wamekwenda msikitini, mimi Mkristo nimebaki. Nikaona ndiyo nafasi. Nikavaa mashine, nikaanza nyuma ya jiko, pale walipomwoshea. Kimya. Nikarudia. Kimya! Nikachukua jembe hata hivyo.

Mama mkwe akatoka. Hakugeuka, hakujifunika uso. Alikuja mpaka akakanyaga pale pale nilipotaka kuchimba. Nikainamisha macho.

"Mukwe, usichimbe. Hapa ni pa mutoto wangu."

Mashine ikalia masikioni. Nikadhani ni ardhi. Nikamwomba asogee, akasogea, ikanyamaza. Akarudi, ikalia. Nikaifuata sauti bila kufikiri — mpaka kwenye fundo la kikwembe chake, kiunoni.

Akalishika fundo. Alikuwa amekwisha kuelewa.

"Ulikaa naye miaka saba," akasema. "Miye alinirudilia siku kumi na mbili tu. Nibakie na nini?"

Akafungua fundo, akaiweka rupia juu ya jiwe la kusagia, akaingia ndani. Analia. Namsikia kutoka hapa ninapoandika. Nilitaka kumwambia ni yake. Sikuweza. Naitaka rupia yangu — hiyo ndiyo kweli, na ninaona haya.

Fundo lile lilikuwa shubiri moja kutoka kwenye mashine. Ile ndogo ingetosha. Kama ningemsogelea siku ya matanga nikamwuliza, hata mashine nisingehitaji.

Wanaume wanarudi, nasikia sauti ya Kasimu njiani. Ataiona, atajua nani aliificha. Rupia bado iko juu ya jiwe, mimi niko upande huu, mama yuko nyuma ya mlango, na hakuna anayeichukua.