Jora Si Jina la Mteja

Mjukuu wangu Rashidi,

Huku Berea tu wazima. Shangazi yako amejifungua msichana, na lifti ya jengo bado mbovu, kwa hiyo mtoto tunampandisha ngazi kwa zamu.

Sasa wewe! Unaniuliza utalindaje hakimiliki ya programu yako, halafu unasema msimbo wote umeshamtumia rafiki yako "auangalie tu". Eish, Rashidi! Si ungeuliza kwanza?

Nilipokuwa binti hapa mjini, niliandika programu ya kuhesabu vitambaa vilivyobaki dukani. Nikampa nakala Desmond, mfanyakazi mwenzangu, aiangalie. Siku moja naingia duka la jumla, namkuta anainadi kama yake.

"Hiyo ni yangu," nikasema.

Akacheka. "Thibitisha."

Nikamwomba mwenye duka tuufungue msimbo. Mle ndani vitu vyote nilikuwa nimevipa majina ya Kiswahili, na Desmond Kiswahili hakijui.

"Desmond, hili neno jora maana yake nini?"

"Jina la mteja," akajibu bila haya.

Nikaenda rafuni, nikashika kitambaa kilichozungushwa kwenye ubao wake. "Jora ni hili."

Mwenye duka akamfukuza. Lakini maduka aliyokwisha kuyauzia sikuyapata kamwe.

Haki ni yako tangu ulipoandika programu. Kazi ni kuonyesha kwamba uliiandika wewe. Mimi niliokolewa na neno moja. Wewe umeandika yote kwa Kiingereza, rafiki yako utamuuliza nini? Mpigie leo, mwandikiane kwamba programu ni yako.

Anayekupenda hata ukimchosha,
Bibi