Baba, Majibu ya Galaha Yamefika

Baba,

Majibu yamefika. Najua ungetaka niseme hilo kwanza, maana hukuwa mtu wa salamu ndefu. Lakini utanivumilia. Ulinificha jambo hili miaka miwili mizima, kwa hiyo na mimi nitalisimulia kwa mwendo wangu.

Siku tuliyokuzika alikuja mwanamke mmoja wa Kizungu ambaye hakuna aliyemjua. Mzee wa miaka sabini na kitu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, koti la kijani. Aliketi safu ya tatu kanisani, katikati ya kina mama wa kwaya, akalia. Si kile kilio cha kujifuta jicho moja kwa leso. Alilia mpaka mabega yakatikisika. Kina mama wakawa wanageuka kunitazama mimi, kana kwamba nina maelezo. Makaburini alinijia, akanishika mikono yote miwili, akasema kwa Kiingereza chenye lafudhi nisiyoizoea, "Naitwa Noreen Gallagher."

Lakini hakuitamka ile g ya katikati, Baba. Alisema "Galaha." Sawasawa na tunavyosema sisi. Nilidhani anajaribu kutaja jina letu, nikamjibu, "Ndiyo, mimi ndiye binti Galaha." Akazidi kulia.

Shangazi Nafula, dada yako, alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Leicester, miguu imevimba, na bado macho yake yalikuwa makali kuliko ya sisi sote. Akaninong'oneza, "Nekesa, huyu anataka nini? Mchunge sana."

Nikamchunga.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwako Newtown, hapa Birmingham, kutoa vitu vyako, maana halmashauri ilitaka nyumba yake. Kwenye droo ya kando ya kitanda, chini ya dawa za presha, nikakuta daftari. Nilifikiri ni mahubiri uliyonakili. Nikafungua, nikaona ule mwandiko wako wa kinesi, herufi zimesimama wima kama chati ya mgonjwa: GALLAGHER. Kwa Kiairishi, Ó Gallchobhair. Gall, mgeni. Cabhair, msaada. Msaada wa mgeni, au anayesaidia wageni, ukaandika, wataalamu hawakubaliani. Asili yake Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ireland, na hata hiyo Donegal maana yake ngome ya wageni. Kisha ukaandika waliovuma kwa jina hilo: makamanda wa wapanda farasi wa watawala wa zamani wa Donegal, maaskofu kadhaa, waimbaji, wachezaji mpira. Na chini kabisa, bila sifa yoyote, wale waliokimbia njaa wakaja kuchimba mifereji na barabara za Uingereza, wengine hapa hapa Birmingham.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja tu. "Ó = mjukuu wa." Neno "mjukuu" ulilizungushia duara, juu yake duara jingine, na jingine, mpaka karatasi ikatoboka.

Nilikaa kwenye godoro lisilo na shuka nikalitazama lile tundu. Kwa sababu wewe ndiye uliyenilea ukiniambia kwamba Galaha ni jina la Kibukusu, la babu yako Wekesa, ambaye alimshika nyati pembe mbili kwenye miteremko ya Elgon mpaka nyati akachoka. Nilipokuwa shule hapa mwalimu aliposikia jina langu akauliza kama nina asili ya Ireland, na mimi nikamsimulia habari za nyati, darasa zima likisikiliza. Ulipokuja kunichukua nilikueleza. Ulicheka kidogo. Ukasema, "Umejibu vizuri." Ulikuwa unajua, Baba?

Hapo ndipo nilipoanza kukuwazia mabaya. Nilifungua simu yako. Noreen, Jumanne. Noreen, Jumanne. Noreen, Jumanne. Mimi uliniambia Jumanne ni kliniki! Nikajua una mwanamke. Lakini kwa nini ufiche? Mama alikuwa na miaka sita kaburini, na mimi mwenyewe nilikutania mara ngapi kuhusu yule dada wa kwaya? Basi labda umemwoa. Labda ndiyo maana anatumia jina letu. Labda amekulaghai, mzee mpweke, akakuuzia hadithi ya ukoo ili upate pa kwenda. Kila usiku ulikuwa na labda yake.

Yeye mwenyewe alinipigia mara tatu. Mara mbili sikupokea. Ya tatu akaacha ujumbe: "Kuna kitu cha baba yako ninacho. Hakiwezi kutumwa kwa posta. Tafadhali njoo."

Nilimsikilizisha Shangazi kwenye simu. Akasema, "Wee! Kitu gani hicho hakiwezi kutumwa kwa posta? Ukienda niachie anwani."

Nikamwachia. Jumamosi mchana nikapanda basi mpaka Moseley, nikapita mbele ya nyumba ya Noreen mara mbili kabla ya kugonga. Ni moja ya zile nyumba kubwa za matofali mekundu, lakini ndani ana vyumba viwili tu vya chini, vimejaa makaratasi. Aliniandalia chai. Sikuigusa. Nilikaa na mkoba mapajani kama mtu anayengoja treni, nikamwambia, "Nieleze wewe ni nani kwa baba yangu."

"Sijui," akasema. "Ndicho tulichokuwa tunatafuta."

Akanieleza mlivyokutana. Kwamba kuna kikundi maktaba ya mjini, watu wanaofuatilia koo zao, na siku moja wewe ulisimama pale umevaa tai, ukasema kwamba unaitwa Simiyu Galaha na unamtafuta Mwairishi aliyesimamia ujenzi wa barabara upande wa Kitale siku za ukoloni. Kijana wa maktaba akakuomba uandike jina. Noreen hakuhitaji liandikwe. Ndivyo bibi yake alivyokuwa akilitamka, na babu yake alikuwa huko huko, kwenye barabara hiyo hiyo.

Kisha akatoa barua, ile uliyoisoma wewe kabla yangu. Babu yake alimwandikia dada yake Donegal. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai. Noreen akanisomea polepole, kidole kikifuata mstari. Kwamba afisa alikuja kambini kuandikisha vibarua vipande, vile vitambulisho walivyovalishwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kwamba afisa aliuliza kwa Kiingereza, "Wewe nani?" na msimamizi mmoja wa punda, mtu mzuri sana, hakuelewa, akadhani anaulizwa anamfanyia nani kazi, akamnyooshea kidole yule Mwairishi na kusema, "Galaha." Na afisa akaandika hivyo hivyo, kama alivyosikia. "Sasa nina ndugu mweusi," akamwandikia dada yake. "Tulicheka sana."

Walimcheka babu yako Wekesa, Baba.

Noreen angeweza kuruka mstari ule. Hapakuwa na mtu wa kumkagua. Aliusoma, akaweka barua chini, akasema anaona aibu. Nilianza kumtazama vingine hapo, ingawa sikumwonyesha.

"Kama barua inaeleza hivi," nikamwuliza, "mlikuwa mnatafuta nini tena?"

"Baba yako hakuiamini," akasema. "Aliniambia mshtakiwa haandiki ushahidi wake mwenyewe. Alitaka damu."

Ndipo akanieleza yale ambayo mimi, mwanao wa pekee, sikuwahi kuyasikia kinywani mwako. Kwamba Babu Barasa, baba yako, alikuwa mweupe kuliko ndugu zake wote. Kwamba mama yake, Kukhu Nasimiyu, bibi yako, alikuwa akifua nguo nyumbani kwa yule Mwairishi kabla Barasa hajazaliwa. Kwamba shuleni walikuita mjukuu wa Mzungu. Ulilibeba hilo kutoka Kimilili mpaka chuo cha unesi, kutoka chuo mpaka wodi za Birmingham, na hukumwambia Mama wala mimi. Ulimwambia mgeni, kwa sababu alikuwa mjukuu wa yule unayemshuku.

"Alinikataza kukwambia," Noreen akasema. "Alisema, 'Kwanza nijue. Sitaki binti yangu amtazame Kukhu kama nilivyomtazama mimi.'"

Mlitema mate kwenye vichupa vya kipimo cha DNA jikoni kwake, mkavituma pamoja kwa jina lake, kwa kuwa wewe na barua pepe hampatani. Kama babu yake ndiye babu yako, ninyi wawili mngekuwa binamu, na kipimo kisingeshindwa kuona. Majibu yalikuja siku nne baada ya wewe kuanguka pale ngazini na kututoka.

"Umeyasoma?" nikamwuliza.

"Hapana. Si yangu peke yangu."

Sikumwamini. Nikamwomba aniachie kiti. Kweli, ule ujumbe kwenye kompyuta ulikuwa bado kwa herufi nzito, haujafunguliwa. Mkono wangu ulikaa juu yake muda mrefu. Noreen alisimama nyuma yangu, nikasikia anavyopumua.

Nikafungua.

Hakuna, Baba. Hamna undugu, wala wa mbali. Na kwako hakuna kitu cha Ireland, hakuna cha Ulaya yoyote. Ni Afrika Mashariki mwanzo mpaka mwisho. Babu Barasa hakuwa mtoto wa Mwairishi. Weupe wake ulikuwa weupe tu, kama watu wengine wanavyozaliwa warefu.

Nilisoma kwa sauti mara mbili. Nilipogeuka, Noreen alikuwa amekaa chini, uso umemshuka. Nikashangaa. Nilidhani atafurahi, babu yake ametoka msafi. Akasema, "Nilitaka awe wangu." Hana mume, hana mtoto, ana kaka mmoja tu huko Donegal. Na huyo kaka, akaniambia bila kupaka rangi, amekuwa akimwonya miaka miwili yote: "Huyo Mwafrika anataka nini? Mchunge."

Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Nikamweleza kuhusu Shangazi. Naye akacheka. Tukawa wanawake wawili tunachekana jikoni, kila mmoja ametumwa na ndugu zake kumchunga mwenzake.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nilipofika nyumbani nilimpigia Shangazi Nafula, kwa kuwa Kukhu ni bibi yake pia. Nilimweleza yote.

Kisha akaniambia. Kwamba ulipokuwa na miaka kumi na miwili uliacha kulala kwa Kukhu. Ukaacha na kula kwake. Alikuwa anakupikia zile mboga za mrenda ulizopenda, anakaa nazo mlangoni, na wewe unapita na vitabu kichwa chini. Kwamba alimwuliza Shangazi, aliyekuwa bado mtoto mdogo, mara nyingi, "Simiyu nimemkosea nini?" Na alipofariki, wewe ukiwa chuoni, uliandika kwamba una mtihani. Hukwenda kumzika.

"Hakukuwa na mtihani," Shangazi akasema. "Nilijua. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza yule mama, Nekesa. Hata mmoja. Aliishi miaka yote ile karibu yetu na mdomo anao."

Baba, sikuandikii kukuhukumu. Nimekasirika, ndiyo, tena nimekasirika kwa niaba ya mwanamke ambaye sikumwona. Lakini nafikiria pia yule mtoto wa miaka kumi na miwili anayeitwa majina, na yule mzee mwenye tai aliyesimama maktaba mbele ya watu asiowajua, presha iko juu, kwa sababu hakutaka kufa bila kujua. Hadithi ya nyati sasa naielewa. Ilikuwa kitambaa ulichofunikia kidonda ili mimi nisikione. Ungenionyesha tu. Mimi ni mtoto wa nesi.

Jina nitabaki nalo. Kipande kilikosea, lakini mtu aliyekivaa alikuwa wetu, na jina lake halisi ni Wekesa, na nitalitaja kila nitakapoulizwa. Noreen bado ananipigia Jumanne. Napokea. Simwamini kabisa kabisa, kuna siku namsikiliza nikitafuta kosa katika maneno yake, na nadhani naye hufanya hivyo. Tutazoea.

Sasa kwaheri, Baba. Ulitaka kujua, umejua. Pumzika na moyo mweupe.

Na ahadi yangu ni hii. Desemba nitakwenda Kimilili na Shangazi, miguu yake ikikubali. Atanionyesha alipolala Kukhu, maana sikuwahi kupelekwa. Nitapiga magoti, nitamwambia nimetumwa na Simiyu, na nitamwomba msamaha kwa niaba yako, kwa sauti, majirani wote wasikie. Kisha nitamwomba kwa niaba yangu mwenyewe. Kwa sababu ule muda mrefu pale Moseley, mkono wangu juu ya majibu, na mimi nilimshuku Kukhu.

Binti yako,
Nekesa