Mama Yako wa Ikombe

Tata,

Nilipokuwa shule ya bweni nilianza kila barua kwa kukuuliza hali, nawe, baba yangu, ulijibu kila mara maneno yale yale: "Mzima, kwa neema." Leo sijui nianzie wapi. Acha nianze na mvua.

Siku tuliyokuzika mvua haikukatika tangu alfajiri. Vijana walichota maji kaburini kwa ndoo, na kila wakiyamaliza yalijaa tena, mpaka Lusajo akavua viatu akashuka mwenyewe. Mwanao yule yule aliyeapa kwamba akishahamia Mbeya hatashika jembe tena. Alichota, suruali yake ya ofisini imejaa tope hadi kiunoni. Mama alikaa chini ya turubai amelishika koti lako la jeshi mapajani, analikunja, analikunjua, analikunja tena. Mara anainua uso kama anayetaka kukuuliza kitu.

Mchungaji alihubiri vizuri. Alisema Mungu alikurudisha mzima kutoka vita vya Uganda kwa sababu alikuwa na kusudi nawe. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikumbuka Jumapili ile ya sikukuu ya mavuno, wazee wenzako wa kanisa walipokuomba usimame ushuhudie jinsi maombi yalivyokuokoa vitani. Ulisimama, ukatazama viatu vyako, ukasema, "Naomba tuimbe," ukaketi. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, wewe ukisukuma baiskeli na mimi nikitembea kando yako, nilikuuliza mbona hukushuhudia.

"Yohana naye alisali," ulisema. "Alisali kuliko mimi."

Ukaendelea kusukuma baiskeli.

Yohana tulimjua kwa jina tu. Mkisi wa Ikombe, kule ng'ambo ya Matema ambako milima inashuka moja kwa moja ziwani na wanawake wanafinyanga vyungu. Mliingia jeshini pamoja, mkaimba kwaya moja kambini, mkaenda vitani pamoja, na wewe ukarudi peke yako. Kila mwaka baada ya mavuno ulifunga mchele kwenye baiskeli, ukaenda Matema, ukapanda mtumbwi. Tukikuuliza safari ya wapi, ulisema, "Kwa mama yangu wa Ikombe." Ulirudi na chungu. Jiko la Mama limejaa vyungu hivyo, na hakuna hata kimoja alichokubali kumgawia jirani.

Hayo ya vita hukutusimulia. Tuliyoyajua ya jeshi ni yale ya nyumbani: shuka lisilo na mkunjo, kubisha kwako mlangoni alfajiri ili tuamke kusali, na ulivyomwita Mama "Afande" mbele ya wageni mpaka anaficha uso kwa kanga. Shangazi hupenda kusimulia kwamba Lusajo alipozaliwa na Mama akaugua muda mrefu, ulikuwa unapika ndizi za mbalaga na kufua nepi pale pale kando ya barabara, wanaume wenzako wakipita. Mmoja akakucheka. Ukamwambia, "Askari hachagui zamu," ukaendelea kusuuza.

Tata, nyumba imekuwa kimya. Bado naisikia baiskeli yako ikiegeshwa ukutani, halafu nakumbuka.

Matanga yalipokwisha, Lusajo alitaka kumtafuta mtu wa Ikombe mwenye simu ili apeleke habari. Mama akamkatalia. "Habari kama hii haipigwi simu," alisema. Akafunga mchele kama ulivyokuwa unaufunga wewe, akanigeukia. "Tusekile, nenda kwa mama wa baba yako."

Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, analainisha chungu kibichi kwa kijiwe. Amezeeka sana, lakini mikono yake haitetemeki. Sikuwahi kumwona, naye hakuwahi kuniona, ila alitazama mfuko wa mchele kabla hajanitazama usoni.

"Huo mchele naujua," alisema. "Aliyezoea kuuleta yuko wapi?"

Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Matema. Yote yakanipotea.

"Amelala, bibi."

Hakuacha kazi. Alikizungusha kile chungu polepole, akakilainisha mpaka mdomoni, akakiweka kivulini kisipasuke. Ndipo akajifunika kichwa kwa kanga, akalia. Nililia naye.

Baadaye alinisimulia, na sasa nimeelewa kwa nini siku ile kanisani uliomba tuimbe.

Alisema ulipofika mara ya kwanza, ukiwa kijana na sare yako, ulipiga magoti pale uani ukamweleza kwamba Yohana amefia mikononi mwako na amezikwa huko huko. Yeye hakulia. Alikuuliza, "Nyote wawili mlikuwa mnasali. Kwa nini umerudi wewe?" Ukamjibu, "Sijui, mama." Akakufukuza. Akakwambia usikanyage tena kwake. Ulilala kwa jirani, na asubuhi, kabla hajaamka, ulijaza mtungi wake maji ukaondoka.

Mwaka uliofuata ulirudi na mchele. Akakuuliza lile lile. "Sijui, mama." Mwaka mwingine tena.

"Wengine walinipa majibu," bibi aliniambia. "Wachungaji walinipa, ndugu zangu walinipa. Mmoja akaniambia Mungu alimpenda Yohana zaidi. Nikawaambia waondoke na majibu yao. Baba yako alikuja mikono mitupu. Hana jibu, lakini anakuja. Basi nikamwekea kigoda."

Halafu akanieleza habari za dada yetu Bupe. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Alisema mwaka ule homa ilipomchukua Bupe, ulifika Ikombe kabla ya mavuno, bila mchele, umekonda. Ulikaa kwenye kigoda chako kutwa nzima, na jioni ukamuuliza, "Mama, kwa nini?" Naye akakujibu, "Sijui, mwanangu." Alisema ndiyo siku ya kwanza aliyokuita mwanangu. Mkasali pamoja, kisha akakupa chakula, ukala.

Tata, hukutuambia. Tulikuona ukisali kila siku, tukadhani kwako kila kitu kina maelezo.

Nilipoaga, aliniuliza tutaweka msalaba lini. Nikamwambia baada ya mavuno. "Nitakuja," akasema. Wajukuu wa dada yake walipinga; miaka mingi hajatoka Ikombe, ataanguka ziwani. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Waambie wa kwenu waniwekee mahali pa kukaa."

Na alikuja. Lusajo alimfuata Matema kwa gari la kuazima, akambeba mgongoni kutoka mtumbwini mpaka nchi kavu. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, uwanja umefagiwa, watu wamejaa. Palikuwa na viti vya mbele kwa upande wa wazazi wako, na kwa kuwa wazazi wako hawapo, baba mkubwa alisema watakaa wazee wa ukoo. Alipoona Lusajo anamketisha pale bibi asiye Mnyakyusa, akauliza kwa sauti huyu ni nani katika ukoo huu. Watu wakatazamana. Mama alinyanyuka. Unajua alivyo, hapendi kusema mbele za watu.

"Huyo ni mama mkwe wangu," alisema. "Mwacheni akae."

Baba mkubwa akasogeza kiti chake.

Ibada ikaendelea. Ulipofika wakati wa wazazi kuweka shada, nilimpelekea bibi maua. Akayakataa. Aliomba ashikwe mkono, akapiga magoti kando ya kaburi, akachota udongo kwa viganja vyote viwili, ile mikono ya kufinyanga, akasema taratibu, lakini tulimsikia:

"Yohana wangu yuko kwenye udongo nisioujua. Sikumtupia hata kiganja kimoja. Huyu naye ni mwanangu. Huyu namzika."

Akaumwaga. Akachota tena, akaumwaga. Kisha akawa anausawazisha kwa kiganja, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Mchungaji alifunga kitabu chake, akapiga magoti kando yake. Hata baba mkubwa alikuwa anajifuta macho.

Ninakuandikia nikiwa barazani. Bibi bado yuko kwetu. Mama alimwomba apumzike siku kidogo, naye hakukataa. Sasa hivi wako jikoni, nawasikia. Mama anamweleza ulivyokuwa unakoroma. Bibi anasema hata kwake ulikoroma mpaka kuku wakahama. Nimemsikia Mama akicheka kwa mara ya kwanza tangu mvua ile. Halafu wamenyamaza wote wawili, na najua wanalia.

Nimekukosa, Tata. Nakukosa hata pale nisipotegemea, nikianika kakao, nikisikia mtu anakohoa kanisani upande wa wazee. Sitakudanganya kwamba nimepoa.

Lala. Ndaga fijo, asante sana, kwa yote, uliyotuambia na uliyoyabeba peke yako. Wiki ijayo nitampeleka mama yako Ikombe, mimi mwenyewe, na kila tukivuna nitakwenda. Ameniambia hana wasiwasi na kufa, ila alikuwa anawaza ni mtoto gani atakayemwaga udongo wa kwanza. Nimemwambia asiwaze tena. Siku yake ikifika, Tata, nitakuwa pale, nami nitamzika kwa mikono yangu.

Mwanao,
Tusekile